Sarafu za Kijaluba cha Nyanya: Mwongozo Kamili wa Kupima Thamani ya Sarafu za Zamani

Nyanya yetu wa Kibokoni alipofariki, tulikuta chini ya kitanda chake kijaluba cha shaba, kile kilichokuwa cha chokaa ya tambuu enzi za ujana wake. Ndani hamkuwa na tambuu. Mlikuwa na sarafu sitini na tatu, zimefungwa kwa kipande cha leso. Ndugu yangu mmoja akasema hizo ni takataka, hata mwenye duka hazipokei. Mwengine akasema amesoma kwenye simu kwamba sarafu moja ya zamani hununuliwa kwa mamilioni. Wote wawili walikosea, na ilinichukua wiki kadhaa za kupima, kusoma na kuuliza ili kujua walikosea wapi.

Familia nyingi za Mombasa zina kijaluba cha namna hii, au kibubu, au mkebe wa maziwa ya unga uliosahauliwa juu ya kabati. Mji huu umeona fedha nyingi zikipita bandarini: reale, rupia, pesa, florini, shilingi. Lugha yetu yenyewe imezibeba. Neno pesa limetoka kwa paisa ya Kihindi, hela ikatoka kwa heller ya Wajerumani, na thumni ni neno la Kiarabu la sehemu moja ya nane, yaani thumni ya reale. Kwa hivyo usimwage mkebe wako kabla hujausoma.

Hatua ya kwanza: weka ndimu chini

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi au kumi na moja, nyanya alinipa sarafu moja ya shaba, nyeusi kama punje ya kahawa, niichezee siku ya Idi. Nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa rangi ya waridi. Nilifurahi sana. Ilikuwa pesa ya mwaka 1888, yenye jina la Mombasa juu yake. Leo nikiiweka chini ya lenzi naona mikwaruzo myembamba kama nyuzi, yote ikielekea upande mmoja, na rangi ile ya waridi imegeuka mabaka. Mkusanyaji yeyote akiitazama mara moja anajua ilisuguliwa.

Rangi ya kahawia au nyeusi juu ya shaba, na ile ya kijivu au samawati juu ya fedha, si uchafu. Ni ngozi ya sarafu, imeota polepole kwa miaka mingi, na inailinda. Ukiitoa hairudi. Usitumie ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, wala dawa ya kung'arishia masufuria. Usimpe sonara akung'arishie, hata akikuambia ni bure.

Kama sarafu ina mchanga au mafuta, iloweke kwenye maji safi yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, maji matupu yasiyo na asidi. Ibadilishie maji baada ya saa chache, kisha uilaze juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe. Usiifute. Gundi ya selotepu hutoka kwa asetoni safi, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Kutu ya kijani inayotoa unga ni jambo lingine: hiyo inakula shaba, na hewa yetu ya chumvi huichochea. Sarafu yenye unga huo itenge na wenzake.

Shika sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada. Jasho la vidole huacha alama ambayo baada ya miezi inaonekana kama imechorwa. Weka taulo chini kabla ya kuanza. Sarafu ikianguka kwenye sakafu ya simiti inabonyea ukingoni na bei inashuka hapo hapo.

Hatua ya pili: zipange kwa mwenye kuzitoa

Usizipange kwa ukubwa wala kwa rangi. Zipange kwa serikali au kampuni iliyozitoa, kwa sababu hapo ndipo thamani inapoanzia. Kwenye mikebe ya Mombasa utakuta mafungu haya.

Kuna reale, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene aliyejitanda shela. Huyo ni Maria Theresa wa Austria, na mwaka ulioandikwa ni 1780. Hapa wengi huruka kwa furaha wakidhani wana kitu cha karne ya kumi na nane. Maria Theresa alifariki mwaka huo wa 1780, lakini sarafu yake ilipendwa mno na wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani hii, kwa hivyo viwanda viliendelea kuifua kwa mwaka ule ule, Vienna, London, Bombay na kwengineko, hata karne ya ishirini. Reale ya kawaida ina thamani ya fedha iliyomo na nyongeza kidogo. Si haba, lakini si hazina ya mfalme.

Kuna rupia za India zenye sura ya Malkia Victoria, Edward au George. Zilitumika hapa kama pesa ya kila siku kabla ya shilingi. Za Victoria za kabla ya 1877 zimeandikwa kwamba ni malkia. Kuanzia 1877 zinamwita mtawala wa India, EMPRESS. Soma neno hilo kabla ya kusoma mwaka.

Kuna pesa za shaba za Unguja, za Sayyid Barghash, zenye Kiarabu na mwaka wa Hijria 1299 au 1304. Hizi zilifuliwa kwa wingi na si adimu. Tofauti ni senti za Unguja za mwaka 1908, zilizochorwa mnazi. Ukiona mnazi na mwaka huo, simama. Zilitolewa chache, na wakusanyaji wanazitafuta.

Halafu kuna sarafu za mji wetu wenyewe. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa pwani kuitawala, Imperial British East Africa Company, ilitoa pesa ya shaba na rupia ya fedha mwaka 1888, kisha nusu rupia, robo rupia na sarafu ya ana mbili, yaani sehemu ya nane ya rupia, mwaka 1890. Zina taji na jua linalotoa miale, na mizani yenye neno la Kiarabu la uadilifu. Kampuni haikudumu: mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi yenyewe. Kwa hivyo sarafu hizi ni za miaka michache tu, na zile za fedha hasa zina wateja wengi kuliko sarafu zenyewe. Ukitazama kitu kimoja tu kwenye mkebe wako, tazama mizani hiyo.

Pesa za Protectorate, yaani za serikali hiyo ya Uingereza, zenye Victoria zilifuata, za 1897 hadi 1899. Kisha zikaja senti za kutoboka. Mwaka 1907 zilitolewa senti za alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini duniani, nyepesi kama ganda. Alumini na hewa ya bahari havikuelewana, na kuanzia 1909 senti moja ikafuliwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Senti ya alumini ya 1907 au 1908 iliyobaki laini, bila vishimo, si rahisi kuipata Pwani.

Florini ina hadithi fupi. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaja florini, na kabla watu hawajaizoea ikaondolewa nayo ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1921. Chochote chenye mwaka 1920 kinastahili bahasha yake peke yake.

Shilingi hiyo ndiyo wazee wetu wanayoikumbuka: simba amesimama, milima nyuma yake. Pamoja nayo thumni, ambayo sasa ilikuwa senti hamsini, na senti tano na kumi zenye tundu katikati na pembe za ndovu kila upande. Mikebe mingi imejaa hizi.

Mwisho ni za Jamhuri, kuanzia 1966. Nitazirudia.

Hatua ya tatu: soma herufi ndogo

Hapa ndipo sarafu mbili zinazofanana kama mapacha hutengana. Chukua lenzi, au kamera ya simu uivute karibu, na utafute herufi ndogo karibu na mwaka au chini ya mchoro. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. KN ni Kings Norton, jirani yake. SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Hizi mbili zilitumika wakati wa vita vya pili, meli zilipokuwa hatarini na sarafu zikafuliwa karibu na huku. Isipokuwa na herufi, mara nyingi ni London.

Mwaka ule ule wenye herufi tofauti unaweza kuwa na bei tofauti kabisa, kwa sababu kiwanda kimoja kilifua mamilioni na kingine kikafua kidogo. Kwa hivyo usiandike "shilingi ya 1942" peke yake. Andika shilingi, 1942, na herufi yake.

Kisha soma jina la mfalme. Senti tano na kumi za kutoboka hazina sura, zina jina tu, na hapa kuna moja inayopendeza sana: ya mwaka 1936, iliyoandikwa EDWARDVS VIII. Mfalme huyu alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kabla ya kutawazwa. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu ya matumizi yenye jina lake, lakini sisi tulikuwa nazo mifukoni tukinunulia mahamri. Watu huniuliza mara kwa mara kama ni mali nyingi. Jibu ni kwamba zilifuliwa kwa wingi, kwa hivyo iliyochakaa haina bei kubwa. Mwaka huo huo kuna pia zenye jina la George, kwa hivyo soma jina, usitosheke na 1936.

Senti tano na kumi za 1964 hazina mfalme kabisa. Uhuru ulikuwa umeshakuja na sarafu ya pamoja ilikuwa bado inatumika. Ni rahisi kuzipata na zinapendeza kuhifadhi.

Hatua ya nne: mizani na sumaku

Nunua mizani ndogo ya kidijitali inayopima sehemu ya mia ya gramu, kama ile ya masonara. Ndiyo pesa utakayoitumia vizuri kuliko zote katika kazi hii.

Reale ya kweli ina takriban gramu 28.07, na fedha ndani yake ni asilimia 83.3, yaani gramu 23.4 za fedha safi. Rupia ina gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, yaani gramu 10.7 hivi. Florini ya 1920 ina uzito kama wa rupia lakini fedha ni nusu tu. Shilingi ya simba ya zamani ina gramu 7.78 na fedha robo, yaani chini kidogo ya gramu 2. Baada ya vita fedha ikatolewa kabisa, na shilingi za 1948 na kuendelea ni shaba na nikeli tupu. Zidisha gramu za fedha safi kwa bei ya fedha ya siku hiyo, nawe utapata sakafu ya bei: chini ya hapo usiuze, hata mnunuzi awe na maneno matamu kama haluwa.

Uzito ukipungua kidogo kwa sababu ya kuchakaa, hakuna shaka. Ukipungua gramu mbili kwenye reale, shuku. Fedha haishikwi na sumaku. Ikishikwa, ni bandia. Tazama ukingo pia: reale ina maandishi yaliyoinuka ukingoni, na bandia ya kumiminwa kwenye kalibu huwa na mstari mwembamba unaozunguka mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Ukipitisha ukucha unausikia.

Kwenye sarafu za Kenya sumaku ina kazi nyingine. Za zamani, za shaba na nikeli, hazishikwi; nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ni chuma kilichopakwa juu, nazo zinaruka kwenye sumaku. Unatenganisha mkebe mzima kwa dakika tano.

Hatua ya tano: pima hali, bila huruma

Hali ndiyo inayobeba bei. Sarafu ya kawaida iliyo kama mpya inaweza kuipita sarafu adimu iliyochakaa, na hili ndilo gumu kulikubali pale sarafu ni ya nyanya yako.

Tazama sehemu zilizoinuka, maana hizo ndizo huliwa kwanza. Kwenye shilingi ya simba, tazama manyoya ya shingo na ubavu. Nimeziweka mbili mbele yangu ninapoandika. Ya kwanza, simba ni kivuli: mwili mmoja laini, shingo na tumbo havitofautiani, milima ni mstari tu. Hiyo imepita mikononi mwa watu kwa miaka, na thamani yake ni fedha iliyomo. Ya pili, manyoya yanahesabika, misuli ya bega inaonekana, na ukiigeuza polepole chini ya taa mwanga unazunguka juu yake kama gurudumu. Mzunguko huo wa mwanga ni alama ya sarafu ambayo haikutumika. Ukisuguliwa mara moja hupotea, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Kwenye sarafu za Mzee Kenyatta tazama nywele juu ya sikio, shavu na ndevu. Kwenye za kutoboka tazama ncha za pembe za ndovu.

Wataalamu wa Marekani hutumia alama 1 hadi 70. Wewe anza na madaraja matano kwa maneno yako: imefutika, imechakaa, ya wastani, nzuri, mpya. Ukishindwa kuamua kati ya mawili, chagua la chini.

Tundu lililotobolewa na mtu ni hasara kubwa. Reale na rupia nyingi za Pwani zilitobolewa au kuchomelewa kikuku ili zivaliwe shingoni. Kama pambo la arusi zina thamani yake, na mimi ningeziacha hivyo hivyo, lakini mkusanyaji wa sarafu atakulipa bei ya fedha tu. Tundu la kiwandani lililokwenda kando, halikukaa katikati, ni jambo lingine: hilo ni kosa la kiwanda, na wapo wanaolitafuta.

Hatua ya sita: sarafu za Jamhuri

Za 1966 hadi 1968 zina sura ya Mzee Jomo Kenyatta bila maandishi kumzunguka. Kuanzia 1969 maandishi yakaongezwa. Senti ishirini na tano na shilingi mbili zilifuliwa miaka michache tu, kwa hivyo zitafute. Lakini ya kuisimamia ni shilingi tano ya 1973, yenye pembe tisa, ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Usiichanganye na shilingi tano ya Rais Moi ya 1985, yenye pembe saba, ambayo ilitapakaa kila duka. Hesabu pembe kwa kidole.

Shilingi arobaini ya Rais Kibaki, ya 2003, ndiyo inayoleta makelele zaidi kwenye simu. Ilitolewa kwa miaka arobaini ya uhuru, watu wakaiweka mara moja wakijua ni ya kumbukumbu. Kitu ambacho kila mtu alikihifadhi hakiwi adimu. Iweke ikiwa mpya, lakini usiichukulie mkopo.

Kuanzia Desemba 2018 sarafu zetu zina wanyama, twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu. Ukitaka kumwanzishia mtoto mkusanyo, mwekee hizo zikiwa bado zinang'aa.

Hatua ya saba: tafuta bei iliyolipwa

Bei inayoombwa si bei. Mtu yeyote anaweza kuitangaza senti kumi kwa milioni. Kwenye minada ya mtandaoni kama eBay kuna sehemu ya kuonyesha vilivyouzwa. Angalia hapo, mwaka ule ule, herufi ile ile, hali ile ile, na uchukue mauzo kadhaa, si moja. Numista ni katalogi ya bure ya mtandaoni, yenye picha, uzito na idadi iliyofuliwa. Anzia hapo kutambua ulicho nacho.

Ujumbe wa kwamba kuna mzungu au benki inanunua sarafu za Kenyatta kwa mamilioni, na wewe utume kwanza ada ya usajili kwa M-Pesa, ni wizi. Mnunuzi wa kweli hulipa, haombi kulipwa. Namjua mama mmoja wa Likoni aliyetuma ada mara tatu, kila mara akiambiwa imebaki kidogo, na zile sarafu zake zilikuwa shilingi za miaka ya sabini ambazo zimo kila nyumba.

Kuna pia sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa vya kale na vinalindwa. Pesa ya 1888 imo, reale na rupia za Victoria pia zinaweza kuwamo. Kabla ya kuuza au kupeleka nje sarafu ya umri huo, nenda Fort Jesus ukaulize kuhusu kibali. Na ukiokota sarafu ardhini, kwenye magofu au ufukweni, hiyo si yako ya kuuza: iache ilipo kama unaweza, piga picha, uwaarifu Makumbusho. Sarafu iliyong'olewa mahali pake imepoteza nusu ya habari yake.

Hatua ya nane: zihifadhi kwa hewa ya Pwani

Chumvi na unyevu ndio maadui. Usitumie mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, maana baada ya miaka hutoa utando wa kijani unaonata. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi zinatosha. Ziweke ndani ya mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila msimu wa mvua. Usiweke karibu na dirisha linaloelekea baharini.

Andika kwa penseli juu ya bahasha kabla ya kuitia sarafu: aliyeitoa, thamani, mwaka, herufi, uzito, kasoro, na ilikotoka. Hilo la mwisho usiliruke, hata kama ni neno moja. Bahasha ya kwanza niliyoiandika mimi inasema: Kampuni ya Kiingereza, pesa moja, 1888, Mombasa. Shaba. Ilisuguliwa. Kijaluba cha nyanya, Kibokoni.